Kurasa Zilikataa Kushuka

Mimi ni fundi wa kompyuta, na nikisema fundi ni fundi kweli, si wale wanaopuliza vumbi kwa mdomo halafu wanajiita wataalamu. Nimefufua mashine zilizomwagiwa chai, nimefufua na zilizokaliwa. Lakini mwezi uliopita nilifanywa mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kazi yote nikaifanya kwa mikono yangu miwili. Nikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo.

Nina dada aliyenitangulia kwa miaka kumi. Mama alipotutoka, yeye ndiye aliyenilea. Kazini wanamwita Bi Masjala, maana amekaa kwenye chumba hicho cha mafaili miaka kumi na tisa na hakuna barua iliyoingia humo asiyojua ilipolala. Mafaili yalipohamishiwa kwenye kompyuta, wenzake walinuna. Yeye alijifunza polepole, akizungusha gurudumu la kipanya na kuongea na kioo. "Shuka, mama, shuka," anaiambia mashine, na kurasa zinateremka. Walimcheka, lakini hakuna aliyemfikia kwa kasi.

Mke wangu naye yumo humo humo masjala. Dada ndiye aliyempokea siku ya kwanza akiwa hajui hata pa kuwashia, akamfundisha kazi yote, kisha akaja kuniambia amenipatia mtoto wa watu aliyetulia. Nikaoa. Wale wawili wakawa chanda na pete: wifi huku, wifi kule, mpaka nikawa nawatania kwamba wifi yao ina nywila, mimi siingii.

Basi ikaja barua kwamba masjala itabaki na mtu mmoja. Mwingine atahamia kwenye ghala la mafaili ya zamani, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jengo, akae na buibui mpaka astaafu. Wangepimwa Jumatatu asubuhi, kila mmoja kwenye mashine yake: barua ishirini zitafutwe ndani ya faili la kurasa mia nne, kwa dakika ishirini. Dada hakupoteza usingizi. Nani angemshinda?

Jumapili mchana, mke wangu akaniletea kompyuta yetu ya nyumbani. Akasema kurasa zinamkera, anataka kidole kikienda juu, ukurasa uende chini. Nikafurahi kuulizwa, si unajua sisi mafundi. Nikamwonyesha: fungua mipangilio, ingia kwenye kile kibao cha kugusa, geuza mwelekeo, kwisha. Akauliza, na mtu akiwa anatumia kipanya je? Nikamwambia kipanya kina sehemu yake, lazima nacho kigeuzwe peke yake. Akarudia hatua zote mbele yangu, mara mbili, bila kukosea.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikaongeza utani. Nikamwambia, "Ukimgeuzia mtu hivi bila kumwambia, atadhani amechanganyikiwa." Nikacheka peke yangu.

Yaliyotokea Jumatatu nilisimuliwa na dada jioni, akiwa amekaa kwenye kochi langu na mkoba mapajani. Alifungua faili, akazungusha gurudumu kushuka, ukurasa wa kwanza ukabaki pale pale. Akadhani mashine imekwama. Akaacha kipanya, akajaribu kibao cha kugusa, nacho kikagoma vile vile. Alipoona kurasa zinakwenda kinyume na mkono wake, akadhani ni yeye anayechanganyikiwa; dakika sita zilikuwa zimekwisha, na mikono iliyokwisha kuzoea haikubali kugeuzwa kwa lazima. Alikuwa akipita ukurasa, anarudi, anaupita tena. Alipata barua saba. Mke wangu alipata kumi na sita.

Mkuu wa ofisi alimwambia asijali, umri ni umri. Dada aliyaamini maneno hayo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. "Mikono yangu imekwisha, mdogo wangu," aliniambia. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yake anamshika bega, anampa pole, anamwambia wifi usilie. Mimi nikadhani ni hofu ya mtihani tu iliyomchanganya dada, na mke wangu nikamwona mtu mwema sana.

Alhamisi niliitwa ofisini kwao kuandaa mashine ya dada ihamishiwe ghalani. Nikaketi kwenye kiti chake, nikafungua faili, nikazungusha gurudumu kushuka. Ukurasa haukusogea. Nikazungusha kupanda, ukashuka. Nikagusa kile kibao, hivyo hivyo. Vyote viwili vimegeuzwa, kila kimoja mahali pake, hatua kwa hatua kama nilivyofundisha.

Nikavirudisha. Nikamwita dada, aliyekuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi, nikamwambia ajaribu. Akaweka mkono kwenye kipanya kwa woga. Kurasa zikateremka, kumi, ishirini, hamsini, na safari hii hakusema shuka mama.

"Nani mwingine anajua kugeuza hivi?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema. "Na yule niliyemwonyesha Jumapili."

Akageuka kutazama meza ya pili. Mke wangu alikuwa anapiga mihuri barua, kichwa chini, kama hayupo.

"Na mimi ndiye niliyekutafutia," dada akasema, taratibu tu.

Nikasimama. Mlango wa mkuu uko mwisho wa korido, lakini korido hiyo hiyo inakwenda chooni, inakwenda kwenye ngazi, inakwenda nje. Sikuwa nimemwambia mtu ninakokwenda. Nilipofika usawa wa meza yake, mke wangu akanishika mkono wa shati bila kuinua uso.

"Usimwambie mkuu," akasema. "Tutayamaliza nyumbani."

Nikautoa mkono wake, nikaenda kugonga.