Miguu Mitupu Juu ya Hekalu

Ndugu yangu mdogo alianguka kutoka mnara wa hekalu la Wahindi akiwa miguu mitupu. Yeye hakupiga kelele. Nilisikia jiwe likifika chini, kisha yeye. Mimi nilibaki juu, mkono wa kulia umebanwa na jiwe lililosogea. Vidole vitatu vya mkono huo sina mpaka leo.

Tulikuwa wachonga mawe, sisi wawili, wa kutoka Skuta. Shule niliacha darasa la nne, lakini jiwe nalisoma. Mnara ule haukujengwa kwa simiti. Kila jiwe lina ulimi wake, umeingia kwenye shimo la mwenzake, na yanapanda yakipungua hadi juu kabisa, kwenye jiwe la duara lenye mbavu kama boga. Maji ya mvua yalikuwa yamepata njia ndani, tukaitwa tuyashushe mawe na kuyapanga upya.

Mlinzi wa geti alitusimulia hadithi siku ya kwanza. Ati mwenye duka aliyelijenga hekalu zamani aliota nyoka amejikunja juu ya mwamba, na hapo ndipo akaweka msingi. "Bado yuko huko chini," akasema. "Na hapendi viatu."

Kontrakta, mtu wa Kerugoya, akayadaka maneno hayo. "Mmesikia? Viatu ni mlangoni."

Tukavua. Sisi watu wa kanisa, tukaogopa nyoka wa wenyewe. Ilikuwa Julai, baridi ya kufisha ganzi na manyunyu kutwa, jua hulioni wiki nzima.

"Miguu yangu haiko," ndugu yangu aliniambia asubuhi ile.

"Iko. Naiona, michafu."

"Basi iambie ishike."

Saa nne alikanyaga jiwe lenye utelezi. Nafikiri hata hakujua amekanyaga.

Baada ya mazishi kuhani wao alikuja nyumbani, mzee mpole. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini hamkuvaa viatu?" Nikamwambia habari ya nyoka. Akafunika uso kwa mikono.

Ndipo akanieleza. Kabla kazi haijaanza alifanya maombi, akamhamisha mungu wao kwenye chungu cha shaba chenye maji, kikawekwa chumba kingine. Hiyo ndiyo desturi yao hekalu likitengenezwa. Tangu siku hiyo mnara ulikuwa mawe tu, na fundi angeweza kupanda na buti zake.

"Nilimwambia kontrakta, mwenyekiti wa kamati ya hekalu akisikia," alisema. "Nilimwambia mara mbili."

Kontrakta alinyamaza kwa sababu tungejua, tungedai buti za kushika utelezi. Mwenyekiti naye alipita kila asubuhi, akatuona tukipanda miguu mitupu, akatusalimia vizuri sana.

Sasa yule wa Kerugoya anajenga Sagana, na mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Kontrakta, na wewe mwenyekiti, mimi sitaki rambirambi zenu. Mama yetu ananiuliza mlinyamazia nini. Mnapajua kwetu. Njooni nyinyi wawili, mketi mbele yake, mmjibu.