Karatasi Nne za Moshi

Mtaani walimwita Mama Vipimo, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake kazini. Miaka kumi na moja alikuwa akipima moshi wa mashambani. Mashine yake, yenye ukubwa wa ndoo, hunyonya hewa kupitia karatasi ya duara. Karatasi ikimaliza wiki, hupimwa uzito wa masizi iliyoyashika.

Mwaka huu aliifunga kwa mama yake, katikati ya mashamba ya mahindi. Kila baada ya mavuno wakulima huchoma mabua, na mama yake, bibi wa watu, hukohoa mpaka machozi. Vipimo vingeonyesha hewa mbaya, ofisi ingepiga marufuku moto. Kazi ya kubadilisha karatasi alimfundisha kaka yake, anayeishi hapo hapo. Amwamini nani kama si wa tumbo moja?

Wiki nne, karatasi nne, zote nyepesi. Alishangaa, lakini hakuzikagua. Macho hudanganya, mizani haidanganyi, ndivyo alivyowafundisha wenzake. Akatia sahihi, ofisi ikatangaza hewa ni safi.

Siku ya kuzihifadhi ndipo alipozitazama. Karatasi iliyobanwa kwenye mashine hubaki na alama ya mviringo ukingoni. Hizi hazikuwa na hata mkwaruzo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa amekifundisha na kazi.

Alimkuta kaka yake uani akinoa jembe kwa tupa.

"Kaka, hizi hazijawahi kuingia kwenye mashine."

"Mashine ilikuwa inanguruma vizuri tu."

"Sijakuuliza habari za mashine."

Tupa ikasimama. Kaka akatazama chini. Mama Vipimo akaketi kando yake.

"Ungeniambia tu. Ningekuja tung'oe mabua pamoja."

"Mwache kaka yako," mama yao akasema kutoka jikoni. "Zile nyeusi zilizotoka kwenye mashine nilizichoma mimi. Shamba lote lile, na watoto watano, atang'oa kwa mikono mpaka lini? Kifua changu nimeshakizoea."

"Na mimi, mama? Nimetia sahihi uongo. Wakijua, watanifukuza."

Mama yao alitoka akifuta mikono kwa kanga. Hakuwa na hasira wala aibu.

"Wewe umesoma, mwanangu. Utapata kazi kwingine," alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuliamua jambo hilo tangu karatasi ya kwanza.