Skrini Ambayo Haikuwa ya Kuuzwa

Mariamou wa Mirontsy hakuwahi kuajiriwa na mtu. Alipoachika, akiwa na miaka ishirini na sita na watoto wawili, alinunua taipureta ya kampuni moja ya karafuu iliyokuwa inafunga, akaweka meza ndogo nje ya lango la bandari ya Mutsamudu, akaanza kuwapigia watu chapa barua za Kifaransa cha ofisini. Barua za visa, za kudai shamba, za kuomba kazi. Aliyelipa alipigiwa, aliyeahidi alisubiri. Mwaka 1996 aliuza bangili zake za harusi akanunua kompyuta na printa, akaziweka katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopewa na mama yake, maana kisiwani Ndzuani nyumba ni ya binti. Shangazi zake walinuna kwa sababu ya dhahabu ile. Yeye alisema bangili hazijawahi kumpigia chapa hata mstari mmoja.

Mei 1998 skrini ikafa. Ndzuani ilikuwa imejitangaza kujitenga na visiwa vingine, ikitaka kurudi chini ya Ufaransa, tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, na umeme ulikuwa unakuja utakavyo. Jumatatu asubuhi ulirudi kwa kishindo. Skrini ikabaki na nukta nyeupe katikati, ikanuka kama nywele zinazoungua, ikazima moja kwa moja.

Haikufa wakati mzuri. Shule moja ambayo wazazi walikuwa wameianzisha wenyewe, kwa kuwa walimu wa serikali hawakuwa wakilipwa, ilikuwa imempa karatasi ishirini na mbili za mtihani azipige chapa. Mwisho ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Akizimaliza, kazi za shule zingekuwa zake. Akishindwa, zingekwenda kwa Tawfik, kijana mwenye duka karibu na bandari na mashine mpya kuliko yake. Mwalimu mkuu, Abdérémane, ambaye watu humwita fundi kama waitwavyo walimu huko, alipata habari siku hiyo hiyo. Akaja kuuliza kwa upole kama haifai ampe Tawfik nusu.

"Fundi, ukimpa nusu leo, keshokutwa utampa zote," Mariamou alimwambia. "Niachie mpaka Alhamisi."

Mutsamudu nzima ilikuwa na skrini moja tu ya kuuzwa, nayo ilikuwa kwa Tawfik, kwa bei ya mtu anayejua huna pengine pa kwenda. Basi Jumatano Mariamou alipanda boti ya mizigo kwenda Moroni, mji mkuu, katika kisiwa kingine. Alikuwa na faranga elfu sitini za skrini, nauli ya kurudi aliyoishonea ndani ya nguo, na diski moja ndani ya bahasha. Boti ilikuwa inarudi Jumamosi.

Alifikia Itsandra, jirani na Moroni, kwa Kamilia, binamu yake aliyeolewa huko. Kamilia alimwonya mapema: mwaka huu mtu wa Ndzuani akifungua mdomo Moroni, bei inapanda, na akiwa na bahati mbaya anatukanwa pia. Wakakubaliana Kamilia ndiye atakayesema, kwa lahaja ya pale, na Mariamou afuate nyuma kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Mpango huo ulidumu duka moja. Mwenye duka aliwawashia skrini kubwa yenye picha ya Makka, taa za msikiti zikimetameta. Kamilia akasema mashallah, na kabla hajavuta pumzi ya pili alikuwa ameshakubali elfu sabini. Mariamou akamfinya kiunoni. Alipoona finyo halifanyi kazi, akasema mwenyewe: atoe picha, aweke ukurasa mweupe mtupu.

Mwenye duka alimgeukia. "Ahaa. Mama wa Ndzuani. Si mmesema mnarudi kwa Ufaransa? Nenda ukanunue Paris."

"Nikifika nitakuletea adabu," Mariamou akajibu, "naona hapa dukani imekwisha."

Wakatoka. Kamilia alikasirika njia nzima, akisema karibu wangepata kitu kizuri. Mariamou alimweleza kwamba picha ya rangi nyingi inaficha kila ubovu, kama viungo vingi kwenye samaki wa juzi. Kioo kilichowashwa miaka mitatu mfululizo kwenye kaunta ya ofisi hubaki na kivuli cha maandishi yale yale, na kivuli hicho huonekana juu ya weupe tu. Mtu anayekataa kuweka ukurasa mweupe amekwisha kukujibu. Tangu hapo alisema mwenyewe, kwa lugha yake, na aliyepandisha bei kwa ajili hiyo alimwacha akaenda kwa mwingine.

Ijumaa asubuhi, upande wa soko la Volo-volo, walifika kwa Rachadi. Huyu alikuwa fundi wa televisheni, mmoja wa wale waliofukuzwa Majunga, mji wa bandari wa nchi jirani, na kurudishwa kwa ndege za kampuni ya Sabena mwaka 1977. Alikuja akiwa na miaka kumi na saba, na miaka ishirini baadaye Moroni bado walikuwa wanamwita Sabena. Lahaja ya mteja haikumshughulisha. Alikuwa na skrini tatu za kuuza, zilizotoka Ulaya ndani ya kontena, na ya nne ilikuwa mezani kwake, ganda lake limegeuka manjano, kitako kimevunjika na kuegemezwa juu ya kipande cha ubao.

Mariamou alitoa diski yake. Ndani mlikuwa na ukurasa alioutengeneza mwenyewe: karatasi ya mtihani wa hesabu, herufi ndogo mpaka pembe zote nne, na jedwali la mistari myembamba. Skrini ya kwanza, ile kubwa, juu ya weupe ilionyesha kivuli cha fomu ya watu wengine. Ya pili ilisomeka vizuri katikati, lakini pembeni herufi zilivimba kama zilizopakwa mafuta. Akatazama ya tatu kwa pembe ya jicho, akiwa ameelekeza uso mlangoni, kwa kuwa hivyo ndivyo mtetemo unavyoonekana. Ilitetemeka, ingawa si sana. Rachadi aliisifia hiyo ya tatu. Alisema hata yeye angeitumia bila wasiwasi, na kwa elfu hamsini ilikuwa zawadi.

Mariamou hakubisha. Aliuliza kama anaweza kuweka diski kwenye ile ya mezani. Rachadi akasema hiyo si ya kuuza. Mariamou akasema hajaulizia bei. Akakaa kwenye kiti cha mwenyewe, akafungua ukurasa wake, akauacha nusu saa kioo kipate moto. Nambari sita na nambari nane katika pembe ya chini zilisimama zimechongoka. Mtu mwingine angeridhika hapo, ila yeye alikuwa anajua umeme wa nyumbani kwake.

"Nitarudi baada ya magharibi," akasema.

Rachadi alicheka. Alisema wateja wote huja asubuhi, umeme ukiwa na nguvu. Magharibi watu wanawasha taa Moroni nzima, umeme unalegea, na kitu kizuri kinaonekana kibovu.

"Kitu kibovu ndicho kinachoonekana kibovu," alisema Mariamou. "Mimi nitakitumia saa hiyo hiyo."

Alirudi baada ya swala. Taa ya dukani ilikuwa imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Rachadi akawasha ya tatu: picha ilinywea, ukanda mweusi wa upana wa kidole ukajitokeza kila upande, na mistari ya jedwali ikaanza kucheza. Ile ya mezani ilibaki imejaa kioo chake. Rachadi mwenyewe alisimama akiitazama, kisha akakiri kwamba mwaka jana aliifungua akaibadilishia vipuri vyote vya umeme, vizuri, kwa kuwa alikuwa anajitengenezea mwenyewe.

"Niuzie hii."

"Mama, nimekwambia. Nikikuuzia hii, mimi nikae mbele ya nini?"

"Kaa mbele ya ile ya tatu. Asubuhi umesema ungeitumia bila wasiwasi."

Kamilia akaangalia pembeni asicheke. Rachadi alikuna kichwa, akasema maneno ya kibiashara ni maneno ya kibiashara. Mariamou akasubiri tu, amekaa kwenye kiti cha mtu, hana haraka. Mwishowe Rachadi akataja elfu themanini na tano. Mariamou akataja arobaini na tano, akaonyesha kitako kilichovunjika. Wakapandisha na kushusha mpaka wakakwama, huyu sabini, yule hamsini na tano.

Hapo Rachadi akauliza, kama mtu anayepitisha muda, ile iliyokufa ilikuwa ya aina gani. Mariamou akamtajia. Macho ya fundi yaliamka kidogo, akayashusha upesi, lakini si upesi wa kutosha.

"Tyubu yake nzima," Mariamou akasema. "Ilikufa umeme, haikufa kioo. Boti ijayo itakuletea skrini hiyo, uchukue vipuri vyake. Kwa hamsini na tano."

"Na nitajuaje kama utaituma? Nanyi mmejitenga."

"Waliojitenga ni wale wanaotangaza redioni. Mimi nina kazi ya kupiga chapa, na nikiharibikiwa tena nitamhitaji fundi. Ni nani mwingine Moroni aliyenikalisha kwenye kiti chake?"

Rachadi akachukua hamsini na saba, akatoa na waya wake, na ubao wa kuegemeza.

Jumamosi aliipakata ndani ya boti, imefungwa kwa blanketi la Kamilia, kioo kikielekea tumboni kwake, kwa kuwa uzito wote uko upande wa kioo. Bahari haikuwa na huruma na alitapika mara mbili, bila kuiachia. Jumapili adhuhuri ilikuwa mezani kwake Mirontsy, imeegemea ubao. Kwanza akaizungusha mpaka mwanga wa dirisha usipige kioo, akala, akaanza na historia ya kidato cha kwanza.

Siku hizo nne umeme ulikatika mara saba. Ulipokuwepo, hata ulipolegea magharibi, alipiga chapa. Alipoandika mtihani wa fizikia, wenye alama ndogo kama mayai ya chawa, binti yake alikuja kumwambia macho yake yamekuwa mekundu, akaambiwa alete chai.

Alhamisi, saa nne, Abdérémane alikuja na mkoba. Akasimama mlangoni akihesabu karatasi moja moja, ishirini na mbili, akazisoma pembe zake akitafuta pa kulalamika. Hakupata. Akasema kamati ya wazazi imekubali, karatasi za mwaka mzima zitakuja hapa, na bila shaka kwa bei ile ile.

"Kazi nimeipokea, fundi," alisema Mariamou, akiifunika skrini kwa kitambaa. "Bei njoo tuizungumze Jumatatu, nikishapata usingizi."