Agata wa Kaunta ya Mikate

Babu alimpa shangazi yangu jina la Agata kwa sababu aliliona kwenye kalenda ya kanisa, akapenda linavyogonga sikio, kama mlango mzito unaofungwa. Maana yake hakuijua. Mimi niliitafuta kwenye maktaba ya shule: ni Kigiriki, maana yake "mwema". Nilipoendelea kusoma, nikakuta kisa chake. Mtakatifu Agata alikuwa binti aliyemkataa mkubwa mmoja wa Kirumi, na yule bwana kwa hasira akaamuru akatwe matiti. Wachoraji wakamchora ameyabeba kwenye sahani. Inasemekana watu walizitazama picha hizo wakadhani ni mikate! Basi akawa mtakatifu msimamizi wa waokaji, na pia wa wanawake wanaougua matiti.

Sasa, shangazi anauza mikate, na mwaka huu ametolewa titi la kushoto hospitalini. Ningenyamazaje?

Nilimkuta chumbani akipiga pasi aproni. Kesho yake alikuwa anarudi kazini.

"Shangazi, wewe na mtakatifu wako ni kitu kimoja!"

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka pasi chini.

"Namheshimu. Lakini yeye alikatwa na adui. Mimi nilipanda kitanda mwenyewe nikamwambia daktari, kata, nina kazi zangu. Usinitazame kwa huruma, mwanangu."

Kesho yake nilipotoka shule nilipitia dukani anakofanya kazi. Foleni ilifika mlangoni, lakini kaunta haikuwa na mtu. Shangazi alikuwa kando ya tanuri anabishana na Bosi Mdogo, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa ameshika kipande cha sponji.

"Mama, jaza tu upande huo. Au kaa huku nyuma ukande unga. Wateja wataona."

"Wataona nini? Mikate imepungua uzito?"

"Nakusitiri tu, mama."

"Unisitiri, kwani nimeiba? Nilisimama kaunta hii wewe ukigaragara chini kwa kunyimwa keki!"

Akazikaza kamba za aproni mpaka upande mmoja wa kifua ukajaa, mwingine ukalala bapa kama ubao wa kusukumia unga. Akaja mbele. Foleni nzima ikamkodolea macho.

"Haya, tazameni mshibe," akasema. "Kutazama ni bure. Kinachouzwa ni mkate."

Fundi viatu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaangua kicheko. "Dada, afadhali umerudi. Huyu kijana anatuuzia mkate kama anayetuzika! Nipe miwili."

"Nitamwambia baba," Bosi Mdogo akanong'ona.

"Mwambie. Ila kwanza toa mikate, inaungua. Mimi niko kaunta."

Harufu ilishatufikia puani wote. Bosi Mdogo akatupa sponji, akakimbilia tanuri.

Shangazi akaniona nimejisogeza hadi ubavuni mwa fundi viatu, natabasamu kama mjinga.

"Na wewe mwanafunzi, foleni haijui undugu. Rudi nyuma!"