Glavu za Musawo

Kila Jumanne nilimpelekea muuguzi wa zahanati mguu wangu uliochomwa na mafuta ya mandazi, na mvua ya mtaa wetu wa Bwaise ikanisindikiza. Nilimwita musawo, kama majirani Waganda wanavyowaita wauguzi. Alikuwa akifungua bendeji taratibu, kana kwamba anamfunua mtoto aliyelala, kisha anakiuliza kidonda kwa sauti ya chini, “Bado tu?” Miezi minne hakikuwa kimefunga. Glavu zake hakuzivua hata akinywa chai.

Jumanne moja aliinama akaunusa mguu juu ya kidonda. “Dada, unapaka nini?”

“Mafuta ya kawaida tu, musawo.”

Akaendelea kuosha. “Krimu za kung'arisha ngozi zina dawa,” alisema, kama anayesimulia ndoto. “Inapenya mpaka ndani ya seli, inakalia kipokezi cha homoni kama kiti cha mwenye nyumba, halafu inaiamuru ngozi iache kushona.”

Nikasema sipaki krimu. Ndipo akavua glavu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mkono uliong'arishwa, na ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa yote ikionekana. Akauweka mkono huo juu ya goti langu.

“Sasa niambie tena.”