Kamera ya Mama na Ruta ya Shauri Moyo

Sipendi kubisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa. Lakini Jumamosi ile nilisimama mlangoni Shauri Moyo nikigonga kama mtu anayeuza sabuni, na shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hakuwa na haraka. Nilimsikia akimaliza kusuuza sufuria kwanza. Alipofungua aliangalia viatu vyangu, akaangalia begi la kompyuta begani, akasema bila kucheka, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nimekuja kutengeneza ruta," nikamwambia.

"Najua. Ungekuja kwa nini ingine?"

Nilimpita nikaingia. Ningejibu, tungeanza pale pale mlangoni, na majirani wa Shauri Moyo hawahitaji kualikwa mara mbili.

Mama yetu alipatwa na kiharusi, akabaki na mguu na mkono wa kushoto usiomtii. Kaka yangu ni dereva wa lori, leo yuko mpakani Malaba, kesho hajulikani aliko, kwa hiyo anayeshinda na Mama ni huyu mkewe. Mimi naishi mtaa wa Tassia na dada yangu anaishi mtaa wa Tena. Siku moja Mama alianguka kati ya kiti na mlango wakati shemeji yangu ameenda soko la Gikomba, akakaa sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Baada ya hapo mimi na dada yangu tulinunua kamera tukaifunga juu ukutani, kwenye pembe ya sebule. Ukiwa popote unafungua simu, unamwona Mama kwenye kiti chake, unaona mlango, unaona meza na kilicho juu ya meza. Unaweza hata kubonyeza na kuongea, sauti yako ikatokea ukutani.

Tuliitumia vizuri. Dada yangu alikuwa akiandika kwenye kundi la familia, "Chai ya saa nne bado?" au "Mbona ni ile sweta ya jana?" Shemeji yangu naye alikuwa kwenye kundi, akizisoma jumbe hizo huku anapika. Sikuona ubaya wowote. Mtu amepewa mama yako amtunze, lazima asimamiwe. Ndivyo nilivyofikiri na bado sijasikia hoja ya kunibadilisha.

Kisha kampuni ya intaneti ikatuma ujumbe kwamba ruta zote zitapata programu mpya, kasi iongezeke. Programu ikaja. Asubuhi yake hakukuwa na kasi wala intaneti. Kwenye simu yangu, pale Mama alipokuwa akionekana, palikuwa na duara la kijivu linalozunguka tu. Nikapigia kampuni. Msichana mwenye sauti tamu akaniambia ruta nyingine zimekataa programu hiyo, kwa hiyo ile yetu inafaa kufutwa kila kitu, irudi ilivyotoka kiwandani, halafu ipangwe upya. Kuna kitundu nyuma yake. Unadunga kwa kitu chembamba, unashikilia mpaka taa zizime.

Nikampigia shemeji yangu, nikamweleza polepole kama ninavyokueleza wewe.

"Hiyo kitu mimi sigusi," akasema. "Ikiharibika kabisa nitaambiwa ni mimi."

"Ni kudunga tu."

"Basi kuja udunge."

Akakata simu. Dada yangu nilipomwambia, akaandika kwenye kundi, palepale wote wanaposoma: "Paka akiondoka panya hutawala." Shemeji yangu akajiondoa kwenye kundi. Hilo kwetu lilikuwa ushahidi wa kutosha. Mtu asiye na la kuficha anaogopaje kitundu cha ruta? Juma lile lote nilikuwa nikimwona Mama akilini, amekaa na njaa, ameachwa na nguo mbichi, na yule mwanamke akipita mbele yake kama haoni. Nilikuwa na hasira ambayo hata kazini iliniletea maneno na mkubwa wangu.

Sasa nilikuwa ndani, na Mama alikuwa kwenye kiti chake, leso magotini, nywele zimechanwa. Akanipa mkono wa kulia.

"Umekuja."

"Nimekuja, Mama."

"Watoto?"

"Wazima."

Nilimkagua huku tukisalimiana. Mikono, shingo, vifundo vya miguu. Ngozi ilikuwa imepakwa mafuta, kucha zimekatwa. Sikuona alama yoyote, na sitadanganya, sikufurahi kama nilivyopaswa. Nilikuwa nimesafiri na maneno yangu tayari mdomoni, na sasa sikuwa na pa kuyatua.

Nikashika ruta. Ilikuwa kwenye kabati la televisheni, taa moja inapepesa nyekundu. Nikaomba sindano. Shemeji yangu akaleta sindano ya kushonea, akanipa, akabaki amesimama nyuma yangu mikono kifuani.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza.

"Nasimamia kazi," akasema. "Si hivyo ndiyo mnafanya?"

Mama alitoa sauti ndogo puani. Nilidhani ni kikohozi.

Nikadunga, nikashikilia. Taa zikazima zote, zikawaka, zikazima tena. Ruta ikaamka haimjui mtu. Jina la waifai tuliloipa lilikuwa limefutika, ikajiita kwa herufi na nambari zilizo kwenye kibandiko chake. Nikampigia fundi aliyetuvutia waya, kwa maana mafundi wa mitaa yetu huingiza nambari za siri wenyewe na kuondoka nazo ili lazima uwarudie. Akanung'unika, kisha akanitajia. Nikaziandika kwenye kompyuta. Halafu nikairudishia ruta jina lake la zamani na neno la siri lile lile, herufi kwa herufi, kwa sababu kamera hukumbuka hayo mawili tu. Ukikosea herufi moja, itabidi upande juu ukaishushe.

"Shem," shemeji yangu akasema nikiendelea, safari hii kwa sauti ya chini, "fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka ni nani?"

"Wewe ndiye ulikuwa unamtafuta."

Nikabonyeza pa kuhifadhi. Kule juu, taa ya kamera ikatoka nyekundu ikawa buluu. Nilijisikia mshindi. Nikaandika kwenye kundi kwamba imerudi, na sijaweka simu chini sauti ya dada yangu ikalipuka ukutani.

"Mama! Tumekuona! Mbona miguu haina soksi?"

Mama alishtuka mwili mzima. Kikombe cha chai alichokuwa ameshika kikampindukia mapajani. Shemeji yangu akamfikia kabla yangu, akaivuta ile leso yenye chai moto, akamfuta.

"Nani amemwaga hiyo?" dada yangu akauliza huko juu.

"Ni wewe," shemeji yangu akasema bila kuinua kichwa.

Nikamwandikia dada yangu anyamaze. Akanyamaza, lakini ile taa ya buluu ilibaki inatuangalia. Mama naye aliitazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Nilikuwa nimefurahi," akasema.

"Kwa nini?"

"Vile hiyo kitu ilikufa. Nilisema, sasa watakuja."

"Mama, imewekwa ikulinde."

"Inilinde na nani? Na huyu?" Akamnyooshea shemeji yangu kidole. "Huyu ananiosha. Akiniosha hamuoni, kamera haiko bafu. Akichelewa na chai, hapo mnaona. Kabla muiweke mlikuwa mnakuja kila Jumapili. Dada yako alikuwa ananisuka. Nani amenisuka tangu iwekwe hapo?"

Nikataka kusema kazi, barabara, watoto, maisha ya sasa. Yote ni kweli. Lakini shemeji yangu alikuwa anasikiliza, na sikuwa tayari kujitetea mbele yake.

"Chukua sindano," Mama akasema. "Dunga tena. Ikufe."

"Siwezi. Tumekubaliana iwepo."

"Mlikubaliana na nani?"

Nikaanza kukunja waya wa kompyuta. Niliudhika, na niliudhika na Mama kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Nimetoka Tassia, nimebembeleza fundi, nimefanya kazi ambayo hakuna mwingine katika familia anaiweza, na shukrani yangu ni kuulizwa maswali kama mshtakiwa.

"Keti unywe chai," Mama akasema.

"Nina haraka, Mama. Siku nyingine."

"Hata leo ambapo umeshafika?"

Nilimbusu shavuni nikatoka. Shemeji yangu hakunisindikiza.

Nilitembea kuelekea barabarani nikijiambia kwamba nimefanya lililo sahihi. Mgonjwa hachagui dawa. Akianguka tena tutamwona papo hapo, na hapo ndipo nitakapowauliza wote nani alikuwa na akili. Nilipofika kituoni nikatoa simu kuhakikisha picha iko sawa. Ilikuwa safi kuliko zamani, hiyo programu mpya angalau ilikuwa na faida.

Mama alikuwa amesimama, ameegemea kiti kwa mkono wake mzima, akielekeza kwa kidevu. Shemeji yangu alitikisa kichwa kama anayekataa. Mama akaelekeza tena. Basi shemeji yangu akakishika kile kiti, akakizungusha pale pale kilipokuwa mpaka kikatazama ukuta mtupu, akamshika Mama kwapani na kumketisha. Sasa niliona mgongo wake, na kisogo, na sikio moja.

Nikabonyeza pa kuongea. "Mama," nikasema.

Hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, watu wa kituoni wakanitazama. Nilijua sauti imefika, kwa sababu shemeji yangu aligeuka.