Mwiko Juu ya Akiba ya Torika

Miaka ishirini na miwili ilikuwa imempitia Torika katika mji wa kambi wa Bulford, Uingereza, na zaidi ya nusu yake aliipitisha mbele ya majiko ya jeshi. Aliingia jeshini akiwa binti wa miaka kumi na tisa, ametoka kisiwa cha Kadavu, Fiji. Vikosi vilihamishwa, makamanda wakastaafu, watoto aliowabeba kanisani wakavaa sare wao wenyewe, na goti lake la kushoto likachakaa hata akaruhusiwa kuondoka kwa heshima. Tangu hapo alifanya kazi ya saa chache katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipotimiza miaka arubaini, wakati watu walipokwisha kuacha kumuulizia habari za ndoa, Mwenyezi Mungu alimjalia mume.

Aporosa alikuwa seremala mjane wa Kadavu, mtu mpole mwenye sauti nzito. Walifunga ndoa huko kwao, kisha Torika akarudi Bulford peke yake, kwani sheria ya Uingereza ilimtaka kwanza athibitishe kwamba ataweza kumkimu mwenzake. Mshahara wake haukufikia kiwango. Pengo hilo lingeweza kuzibwa kwa akiba: pauni elfu ishirini na sita, zikae benki miezi sita mfululizo. Kiinua mgongo chake cha jeshi kilitosha, na kupita kidogo. Akakiweka mwezi Januari. Mei akaenda kumwona mumewe, na Juni akajua kwamba ana mimba. Basi hamu yake ikawa moja tu: Aporosa awepo mtoto atakapozaliwa.

Ila Torika alikuwa mtu wa Fiji, na kwa Wafiji jamaa akija kuomba kwa adabu zake, haulizwi atarudisha lini. Nusu ya Bulford ilikwisha kupita katika mikono ya mwanamke huyo, huyu kwa nauli, yule kwa ada, na hakuna aliyepata kumsikia akilitaja jina la aliyempa.

Sakiusa, mtoto wa shangazi yake aliyekuwa naye pia Bulford, alikuwa mtani wake wa tangu utotoni. Hakuwahi kuingia nyumbani kwa Torika bila kejeli. Jioni moja ya Juni hiyohiyo aliingia kimya, akakaa mkekani, akakunja miguu, akaweka mbele yake fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima ambayo kwao mwenye ombi huja nayo.

"Mbona hunitukani leo?" Torika akauliza.

"Baba amefariki, dada. Nina watoto wanne, mshahara hautoki hadi wiki ijayo, na nauli ya kwenda nyumbani sina. Siwezi kumwacha azikwe na watu wengine."

Torika alipiga makofi matatu ya kupokea, kama ada ilivyo. Asubuhi alitoa pauni elfu moja, na akiba ikashuka chini ya kiwango. Alijua kwamba haikutakiwa kupungua. Lakini Sakiusa aliahidi kuzirudisha, na kwa hesabu ya watu wake, kitu kilichotoka kwenda kwa ndugu kikarudi, hicho hakikutoka. Baada ya siku tisa zilirudi zote, pamoja na mkeka mpya.

Julai, mwanasheria aliyemsaidia na makaratasi alipitisha kidole kwenye taarifa ya benki, kidole kikasimama.

"Hapa imepungua, mama."

"Siku tisa tu. Zilirudi zote, tazama."

"Hata ingekuwa siku moja. Inabidi uanze upya miezi sita, kisha kibali nacho kingojewe."

Mtoto alitarajiwa Februari. Torika aliihesabu miezi vidoleni, akaihesabu tena, na haikubadilika. Akampigia mumewe, akamweleza bila kujitetea.

Aporosa akauliza, "Mzee wamemzika vizuri?"

"Vizuri."

"Mwanawe alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi usilie. Ningesikia umemnyima, ningeogopa kuja kuishi na wewe."

Habari haikufichika. Jumapili, Bibi Vasemaca, mjane wa sajini na mkuu wa kina mama wa kanisa, alisimama baada ya ibada.

"Nyie! Chifu akifa kwetu, mwamba wa samaki si unafungwa? Kijiti kikichomekwa, nani anathubutu kutia ndoano?"

"Hakuna, bibi," wakaitikia.

"Sasa nimeufunga mwamba wa Torika mpaka mwaka uishe. Atakayekwenda kumuomba atanikuta mimi mlangoni!"

Na kweli, alasiri hiyo alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu katika chungu cha maua mbele ya nyumba. Sakiusa, aliyekuwa amejaa aibu, alipata tena ulimi wake.

"Shikamoo, Benki Kuu. Nimekuja kuomba chumvi, au nayo ina mwiko?"

"Chumvi chukua. Akili ndiyo sina ya kukugawia, na wewe ndiye mwenye shida nayo."

Kwa Torika kuombwa hakukuwa mzigo. Mzigo ulikuwa kutoombwa. Kwaya ilipochangiwa mavazi, alinyanyuka kuahidi, na Bibi Vasemaca akamvuta sketi, "Kaa chini, we!" mbele ya mchungaji. Alichokatazwa kukitoa benki akakitoa kwa mikono: aliwapikia wagonjwa, akakesha na wafiwa, tumbo likiwa mbele yake na goti likimuuma. Mashine yake ya kufulia ilipokufa Novemba hakununua nyingine. Kina mama wakachukuana zamu kumfulia, wakimtania kwamba tajiri wa Bulford hana hata sabuni.

Mwaka ulipoisha, kijiti kiling'olewa, maombi yakapelekwa, na kungoja kukaanza upya. Februari Torika alijifungua mtoto wa kiume. Simu iliwekwa sikioni mwa mtoto, Aporosa akaomba dua kwa sauti ile nzito, na kina mama wote chumbani wakaitikia amina. Hiyo ndiyo bei ya siku zile tisa, na Torika aliilipa bila kumtazama Sakiusa kwa jicho baya hata mara moja. Nimewajua wenye kutoa wengi. Wanaotoa kisha wakameza hasara bila kumwonjesha mwingine uchungu wake, ni wachache mno.

Aprili kibali kilitoka. Sakiusa ndiye aliyekwenda uwanja wa ndege kumpokea shemeji yake, na njia nzima, nasikia, alikuwa akimwomba radhi. Aporosa aliingia nyumbani, akanawa mikono, akapiga magoti mbele ya mkewe, akapokea mtoto.

"Ana pua ya Sakiusa, maskini," akasema, na Torika akacheka hadi akalia.

Ee Mola, mwenye kuwakutanisha waliotengana, ibariki nyumba hii: mume na mkewe, na mtoto wao, na mtani wao na watoto wake wanne. Wape umri mrefu pamoja, uwarehemu wazee wao waliotangulia, na usiukaushe mkono wa Torika wala wa kizazi chake. Amina.